Maksai Wawili kwa Waya Mmoja

Scola aliwaona maksai kabla hajamwona mwenye nao. Walikuwa wawili, weusi, wenye shingo pana, wakivuta mkokoteni wa magunia kupanda mwinuko wa Katandala kana kwamba wamepakiwa pamba. Upepo wa Juni ulikuwa unachapa. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga walikuwa wamejitanda khanga mpaka puani, lakini wale wanyama walikuwa wanafuka mvuke tu na kusonga. Scola alikuwa na shamba kijiji cha Kate ambalo kila mwaka lililimwa kwa kubembeleza watu. Akajikung'uta unga mikononi, akatoka nje.

Mwenye nao alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amevaa koti la kazi la shirika la simu lililokwisha rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unawauza?"

"Nimekuja kusaga mahindi."

"Sikukuuliza mahindi."

Akacheka, meno yote nje. "Yaani mtu kaja kusagiwa, wewe unataka arudi nyumbani kwa miguu!"

"Atarudi na hela mfukoni. Wanaitwaje?"

"Huyu Waziri, huyu Karani. Waziri havuti mpaka Karani aanze."

"Nitawachukua wote, basi."

"Hawauzwi, mama. Baba yangu alitoka Shinyanga na ng'ombe wengi akifuata majani. Mimi nimebaki na hawa."

Huyo ndiye Sayi. Scola alimpima haraka, kama alivyompima kila mtu aliyepita pale mlangoni: Msukuma, msomi kidogo, mwenye maneno mengi, hana haraka ya kuuza. Aina ngumu. Akamwambia apange foleni kama wenzake.

Foleni ya Scola haikufanana na foleni za mashine nyingine za Sumbawanga. Kwingine mfanyabiashara akija na magunia kumi, mama mwenye debe moja la ulezi anakaa mpaka jua linazama. Scola alikuwa amewahi kukaa hivyo, zamani akichemsha mahindi na kuyauza stendi, na alikuwa amejiapiza. Ushirika ulipokufa na mali zake zikapigwa mnada, aliinunua ile mashine, akaweka sheria yake: debe kwa debe. Mwenye gunia atapima debe moja, asage, arudi nyuma. Mwenye debe moja ataingia katikati. Mwenye gunia atarudi na debe la pili. Kila debe lilifungwa mpinini kitambaa cha rangi ya mwenyewe, unga ukitoka unaufuata kitambaa. Hakuna aliyesubiri sana, hakuna aliyechanganyiwa. Na sheria ya juu kuliko zote ilikuwa hii: kitambaa hakibadilishwi mpaka unga utoke mlangoni. Mfanyakazi mmoja aliyewahi kubadilisha vitambaa alikuwa ameiba unga wa watu mwezi mzima kabla hajagundulika, na akina mama walimfukuza wenyewe, kwa michi.

Sayi alisimama akiitazama ile foleni. Debe jekundu, debe la bluu, debe jekundu, la kijani, jekundu tena. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Huyu vipi?" akauliza Kornel, fundi wa mashine.

"Mama," Sayi akasema, "nani kakufundisha hii?"

"Hii nini?"

"Mimi nimesoma hii miaka miwili chuoni! Wazungu wameandika vitabu vinene! Na wewe unayo hapa, na pumba juu!"

Akaenda kwenye mkokoteni, akafunua turubai. Chini ya magunia kulikuwa na boksi la chuma lenye matundu ya waya mbele, na kadi mbili za kompyuta zimeviringishwa kwenye shuka la mke wake.

Ilimchukua Scola muda kuelewa, lakini alipoelewa hakusahau. Shirika la simu lilipopunguza wafanyakazi, Sayi alikuwa fundi wa mitambo Dar es Salaam. Siku ofisi yao ilipouza vyombo vya zamani ili kuleta vipya, wenzake walichukua meza na viti vya kuzunguka. Yeye alichukua hivi. Alirudi Kate kwa mkewe Edith, akalima, na vyombo vikakaa darini na mbegu za maharage mpaka asubuhi ile, alipovipakia akavitafutie mnunuzi mjini.

"Maneno yanapopita kwenye waya," Sayi akasema, "na picha zinapopita, na barua zinapopita, mitambo ya kawaida inafanya kama mashine za wenzako. Picha ikiingia na magunia yake kumi, sauti inasubiri nje. Mtu akiongea anasikika vipande vipande."

Scola akakaa wima. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanamnyima usingizi.

Mjini, karibu na soko, alikuwa na chumba cha simu na kompyuta. Dishi la setilaiti lilikuwa hapa Katandala, ndani ya ukuta, kwa sababu huku kulikuwa na mlinzi na injini ya dizeli. Wateja walikuwa kule. Kati ya hapa na kule alikuwa amekodi waya mmoja wa simu. Na kila mtu alipotuma picha, waliokuwa wanaongea na simu walianza kupiga kelele: haloo, haloo, haloo! Wavuvi wa Wampembe, kule ziwani, walikuwa wameanza kuhamia kwa mshindani wake wa upande wa pili wa barabara, ambaye hakuwa na kompyuta hata moja ila sauti yake ilikuwa safi.

"Vyombo vyangu," Sayi akaendelea, "vinakata kila kitu vipande vidogo, vyote sawasawa. Tunaviita seli. Kila seli ina mzigo wake na alama yake ya mwenyewe. Sauti inaingiza debe lake moja, picha debe lake moja, sauti tena. Hakuna anayemzibia mwenzake."

"Na unataka nini?"

"Nusu ya chumba chako cha mjini."

Kornel akapiga mluzi.

"Nusu!" Scola akasema. "Wewe, kama umekunywa, sema. Boksi umelitoa kwenye maharage!"

"Wavuvi wako wanavuka barabara, mama. Mji mzima unaona."

Hapo Scola akageuza kichwa. Akawatazama Waziri na Karani, wakitafuna makapi yake bila ruhusa.

"Sikiliza," akasema. "Jumamosi Eustaki anapanda kutoka Wampembe. Ndiye mkubwa wao. Anapopiga simu yeye, wote wanapiga hapo. Ataongea na mnunuzi wake wa Tunduma kutoka chumbani kwangu, na wakati huohuo mtu atatuma picha kubwa. Sauti ikiwa safi, nusu ya chumba ni yako. Ikikatika, hawa wawili wanalala kwangu."

Sayi akaacha kucheka. Akaenda akamshika Karani sikio, akasimama hapo. Bila maksai hakukuwa na kilimo Kate, na Edith alikuwa na mimba ya tatu.

"Poa," akasema mwishowe. "Kornel ni shahidi."

*

Jumatatu kadi ziliingia kwenye kompyuta, moja Katandala, moja mjini, na hazikufanya lolote. Kompyuta ilikuwa haizioni kabisa, kama debe lililowekwa nyuma ya nyumba.

"Umeshindwa," Scola akasema, akiwatazama maksai dirishani.

"Bado sijaanza. Kompyuta ina mfumo endeshi, yaani msimamizi anayejua kila chombo kilichomo ndani na kukipa kazi. Hapa kwako ni Kornel. Kornel akiugua ukamleta mtu asiyejua vitambaa, itakuwaje?"

"Unga utamwagika wote kwenye ndoo moja."

"Ndiyo huyo msimamizi wako wa sasa. Seli zinaingia, hajui kusoma alama, hajui kuunganisha vipande virudi kuwa sauti. Tunamtoa. Naleta mwingine, wa bure, ambaye anaruhusu ufungue kifua chake na kuongeza anachokosa. Lakini kiini chake lazima nikijenge upya, hapahapa, na kinajengwa kwa saa nyingi."

Kilijengwa kwa saa mbili, umeme wa mji ukakatika. Wakaanza upya. Ukakatika tena. Jumatano asubuhi Sayi alikuja na macho mekundu.

"Nipe injini ya mashine."

"Injini inasaga."

"Ina uwezo wa kuzungusha jenereta. Toa mkanda kwenye jiwe, weka kwenye jenereta, siku moja."

Scola alitoka nje kuwaeleza akina mama, na akina mama walimjia juu kama nyuki.

"Yaani watoto wangu wale kompyuta?" akasema Mama Debora, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Kesho debe la kwanza la kila mtu ni bure."

"La kwanza na la pili!"

"La kwanza, na pumba mnabaki nazo."

Mama Debora akafikiri. Pumba zilikuwa chakula cha nguruwe wake. "Lakini na sisi tuone hicho mnachosaga."

Basi wakaingia, wakajaza ofisi, wakakaa juu ya magunia. Kwenye skrini mistari myeupe ilikuwa inapanda mbio, maneno yasiyosomeka na mtu, na nje injini ya dizeli ilikuwa inatikisa mabati. Kila baada ya muda mmoja aliuliza: "Imefika wapi?" Sayi, mwenye makeke yake, alijibu: "Sasa imeingia jiwe la pili!" Wakapiga vigelegele. Mistari iliposimama na kompyuta ikazima na kuwaka tena, Sayi akaandika neno moja, akasoma jibu, akaruka juu mpaka kichwa kikagonga taa.

"Ameiona! Ameiona kadi!"

"Nani kaiona?" akauliza Mama Debora.

"Msimamizi mpya!"

"Haya, asante Mungu, na asage sasa."

Alhamisi akafanya vilevile kwa kompyuta ya mjini. Ijumaa akaunganisha waya kwenye boksi, na kwa mara ya kwanza Scola, akiwa mjini, akasikia sauti ya Kornel kutoka Katandala ikiwa wazi kama yuko chumba cha pili, huku picha ya harusi ikishuka kwenye kompyuta ya jirani. Alitaka kupiga kigelegele. Hakuonyesha.

"Nifundishe," akasema. "Siendeshi kitu nisichokiona."

Sayi akamfundisha maneno machache ya kuandika, ili aone alama za njia. Kisha akasema, "Angalia tu, mama. Usiguse," na akaondoka kwenda kuwapa maksai maji.

Scola akaangalia. Asubuhi, Katandala, alikuwa amemwona Sayi akiziweka alama za upande ule. Kule njia ya sauti ilikuwa na alama arobaini. Hapa mjini njia hiyohiyo ilikuwa na alama hamsini na mbili.

Akakaa akiitazama ile namba. Kitambaa kimebadilishwa njiani. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyebadilisha kitambaa kwa nia njema. Kuna sauti zinazopelekwa kwingine, akajiambia. Huyu Msukuma anauza simu zangu pembeni kabla hata hajapata nusu yake. Angeweza kumwita na kumuuliza. Lakini ukimuuliza mwizi unampa nafasi ya kujipanga. Akaandika kama alivyofundishwa, akafuta hamsini na mbili, akaweka arobaini. Sasa alama zilikuwa sawa pande zote. Akafunga chumba, akaenda nyumbani akiwa na amani kabisa.

*

Jumamosi chumba kilijaa. Eustaki alikuwa na lori la samaki, migebuka, barabarani, barafu ikiyeyuka, dereva akisubiri. Alitaka kujua kama ateremshe mzigo hapa au aendelee Tunduma. Hellena wa duka la vitambaa alikuwa tayari na picha kubwa za watoto wake kwa kaka yake. Nje, Waziri na Karani walikuwa wamefungwa kwenye nguzo. Scola alikuwa ameshanunua kamba mpya.

"Haya, dada Scola," Eustaki akasema, "nipe huo muujiza wako."

Akapiga. Akasikiliza. Akasogeza simu mbali na sikio, akaitazama, akairudisha.

"Kimya."

"Ngoja kidogo," Sayi akasema.

"Hata kukwaruza hakuna! Ile ya zamani angalau ilikuwa inakata. Hii imekufa."

Dereva wa lori akapiga honi. Sayi aliinama kwenye kompyuta, akaandika, akasoma, akaandika. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni katika baridi ile ya Ufipa. Akampigia Kornel kwa simu ya mezani ya duka la jirani. Kornel akasema kule kila kitu kinawaka. Seli zilikuwa zinaondoka Katandala. Zilikuwa zinafika mjini. Hakuna aliyekuwa anazipokea.

Scola alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kamba mpya. Kwa mara ya kwanza wasiwasi ulimwingia. Kama huyu alikuwa anaiba, mbona anahangaika hivi? Mwizi huwa na maneno tayari. Huyu alikuwa anatafuta.

Sayi akanyanyua kichwa. "Nani kagusa namba?"

 Honi ikalia tena. Scola akapiga hesabu zake haraka, kama afanyavyo sokoni. Akinyamaza mpaka lori liondoke, maksai ni wake, na waya umekufa. Akisema, waya unafufuka, na maksai wanarudi Kate. Ng'ombe wawili kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili Eustaki, na nyuma ya Eustaki wavuvi wa Wampembe wote.

"Mimi," akasema. "Ulikuwa umebadilisha kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Huko arobaini, huku hamsini na mbili. Nimeziweka sawa. Kwangu hakuna anayebadilisha alama njiani."

Sayi akamtazama kinywa wazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama! Boksi ndilo linabadilisha! Ndiyo kazi yake! Linapokea arobaini kwa mlango huu, linatoa hamsini na mbili kwa mlango ule, na linakumbuka. Kompyuta ya huku inasubiri arobaini, seli zinakuja hamsini na mbili, inasema si zangu, inazitupa. Unga wote wa Eustaki uko sakafuni!"

"Rudisha basi! Haraka!"

Sayi akanyoosha mkono kuelekea kibodi. Kisha akausimamisha hewani. Na hapo Scola akajua amekutana na mwenzake.

"Nitarudisha," Sayi akasema taratibu. "Lakini mkataba ulikuwa nusu kama nikifanikiwa mimi. Sasa nafanikiwa mara mbili, na mara ya pili ni kosa lako."

"Usinichezee, lori linaondoka!"

"Nimesikia honi. Edith asagiwe bure."

"Msimu huu."

"Daima."

"Msimu huu na ujao! Na hapiti mbele ya mtu, debe kwa debe kama wengine!"

"Na wewe huisogelei kibodi tena."

Honi ikalia ndefu. Eustaki alikuwa ameshafika mlangoni. "Dada Scola, mimi samaki wangu wananuka!"

"Nimekubali!" Scola akapiga kelele. "Nimekubali, Msukuma wewe, andika!"

Akaandika. Hellena akabonyeza picha zake ziende. Eustaki akashika simu bila imani, na ghafla sauti ya mnunuzi wa Tunduma ikatoka kubwa, safi, ikiuliza amekwama wapi. Eustaki akaruka.

"Nakusikia! Nakusikia kama uko kwenye mtumbwi wangu! Unasemaje? Hapana, wewe! Bei hiyo kanunulie dagaa!"

Chumba kizima kikalipuka. Mama Debora, aliyekuwa amekuja kushuhudia kile kilichosagwa Jumatano, akapiga kigelegele mpaka watu wa upande wa pili wa barabara wakatoka kuangalia. Eustaki akabishana mpaka akapata alichotaka, na picha za Hellena zikamaliza kwenda bila sauti kutetemeka. Kufikia Jumatatu wavuvi walikuwa wamevuka barabara kurudi.

*

Walikaa na kile chumba miaka mitano, nusu kwa nusu, wakigombana kila mwisho wa mwezi na kupatana kila mwanzo. Sayi alizidi kuwa na maneno. Alivaa tai. Alikwenda makanisani akitangaza kwamba Sumbawanga inaongea kwa seli. Edith alijifungua mtoto wa kike, na alisaga bure misimu miwili, si siku moja zaidi, Scola alihakikisha.

Kisha kampuni za simu za mkononi zikapanda uwandani. Kila mvuvi akawa na simu mfukoni, na chumba kikaanza kupungukiwa watu. Kampuni moja ilikuwa inaunganisha minara yake mipya, na mitambo yake ilikuwa inasafirisha maneno kwa seli zilezile. Walitafuta mtu anayezijua wakampata mmoja mkoa mzima, aliyekuwa na maksai wawili.

Sayi alikuja mashineni asubuhi na koti jipya.

"Shikamoo, mama. Naacha chumba."

"Marahaba. Na maksai?"

"Nilijua utauliza." Akatabasamu. "Sina muda wa kulima tena. Chukua nusu yangu ya chumba, chukua Waziri na Karani. Mimi nipe kile kiwanja chako cha juu, cha mawe."

Scola alikuwa amejaribu kukiuza kile kiwanja miaka saba. Kilikuwa kilima cha mawe matupu nyuma ya Katandala, hakilimiki, hakijengeki, hata mbuzi walikikwepa. Alibishana kidogo kwa heshima ya kazi, akaongezewa mkokoteni, akakubali. Kornel akawa shahidi tena. Usiku ule Scola alicheka peke yake kitandani.

Miezi mitatu baadaye magari ya kampuni yalipanda kile kilima na vyuma. Fundi wao Sayi ndiye aliyewaonyesha mahali pa juu kuliko pote Katandala, na mwenye kiwanja akawa Sayi. Mnara ulisimama kabla ya mvua. Mpaka leo kampuni inamlipa Sayi kodi ya ardhi, mwaka baada ya mwaka, hata kama hakuna mtu aliyepiga simu.

Chumba cha mjini Scola alikigeuza stoo ya mbolea. Boksi la Sayi bado liko juu ya kabati la mashine, na Kornel huweka chai juu yake. Shamba la Kate linalimwa kwa wakati, mistari imenyooka, na Karani bado ndiye anayeanza. Njia ya kwenda huko inapita chini ya kilima, na kila asubuhi ya kulima maksai husimama pale kwenye uzio wa mnara, wakijikuna shingo kwenye nguzo mpaka nyaya zinalia.

"Mama Scola!" Edith hupiga kelele kutoka nyumba yake mpya. "Ng'ombe wako wanavunja uzio wetu!"

"Waache wajikune!" Scola humjibu, akivuta kamba. "Mliponipa hamkusema wana upele!"